Msamaha wa CIL kwa anayejijengea nyumba England: ushahidi gani unatakiwa, na lini?

Kisima_Kent

Wakuu na wadau wa ujenzi mlioko Uingereza, salaam.

Mimi na mke wangu tumepata kibali cha mipangomiji cha kubomoa kibangaloo cha zamani na kujenga nyumba ya mita za mraba 180 tutakayoishi wenyewe. Kaunsili imeleta barua ya deni la CIL, ile tozo ya miundombinu: pauni 150 kwa kila mita ya mraba, jumla pauni 27,000. Kibangaloo hakikupunguza kitu kwenye hesabu kwa sababu kimekaa kitupu zaidi ya miaka 3.

Najua anayejijengea anasamehewa. Nimejaza Fomu 7 Sehemu ya 1 lakini sijaituma. Kinachonichanganya ni kwamba hiyo Sehemu ya 1 haitaki kiambatisho chochote, sahihi tu, halafu Sehemu ya 2 ina orodha ndefu ya nyaraka. Naomba kujua: ni karatasi zipi hasa zinakubalika? Tunajenga kwa akiba yetu, hatuna mkopo wa benki. Kazi yote tumempa mkandarasi, je bado tunahesabika tunajijengea? Na zikikosekana baadhi ya nyaraka mwishoni, tunadaiwa zote 27,000?

Mkandarasi anataka kuanza kubomoa Jumatatu ijayo, kwa hiyo mwenye uzoefu naomba anijibu mapema.

---

Mpimaji_Mersey

Kaka, kabla hatujafika kwenye ushahidi, simamisha hiyo bomoabomoa. Mpigie mkandarasi leo.

Kwenye sheria hii ujenzi hauanzi siku ya kumwaga zege. Unaanza pale inapofanyika kazi yoyote ya maana kwenye kiwanja chini ya kibali hicho, na kubomoa jengo kumo. Kuchimba mtaro wa msingi kumo. Kulaza bomba la chini ya ardhi kuelekea msingi kumo, na kuanza kutengeneza njia ya kuingilia kumo pia. Mtu akipiga nyundo ukuta wa kibangaloo Jumatatu na msamaha wako haujaidhinishwa kwa maandishi, ombi linakufa hapo hapo. Kuwa na ombi mezani kwa afisa hakukuokoi: kanuni ya 54B ya Kanuni za CIL inasema ombi linakoma kama ujenzi umeanza kabla kaunsili haijakujulisha uamuzi wake. Hapo unadaiwa zote 27,000, na hakuna ushahidi wa baadaye utakaozirudisha, hata ukiishi kwenye nyumba hiyo miaka 30.

Mpangilio wenyewe ni huu, na usiruke hatua:

1. Fomu 2, ya kukubali kubeba deni. Kama hati ya kiwanja ina majina yenu mawili, jazeni na msaini wote wawili. Asiyebeba deni hawezi kuomba msamaha.

2. Fomu 7 Sehemu ya 1. Hapa mnatamka tu: nyumba ni yenu, mnaijenga au mnaijengesha wenyewe, mtaishi humo kama makazi yenu ya pekee au makuu kwa miaka 3 tangu ikamilike, na mtaleta nyaraka ikishakamilika. Ndiyo maana haina viambatisho.

3. Subirini barua ya kaunsili ya kukubali msamaha. Isomeni. Iwe na namba ya kibali chenu na majina yenu nyote.

4. Fomu 6, taarifa ya kuanza ujenzi. Lazima iwe imeifikia kaunsili siku moja kabla ya kuanza, kwa uchache. Itume kwa baruapepe, omba wathibitishe kuipokea, na jibu lao ulihifadhi pamoja na hati ya kiwanja.

5. Hapo sasa mkandarasi abomoe.

Kuhusu Fomu 6 kuna jambo ambalo watu wanalikosea kwa sababu wamesoma mijadala ya zamani. Kabla ya tarehe 1 Septemba 2019, kuisahau ilikuwa inakunyang'anya msamaha wote. Tangu tarehe hiyo, kama msamaha ulishaidhinishwa, kuisahau kunaleta faini ya asilimia 20 ya kiasi ambacho ungedaiwa au pauni 2,500, ile iliyo ndogo. Kwako asilimia 20 ni pauni 5,400, kwa hiyo ungelipa 2,500. Si kidogo, lakini msamaha haupotei. Ila nafuu hii haigusi hatua ya 2 na ya 3. Hizo ukizikosea hakuna faini ya kulipa yakaisha, unalipa tozo yote.

Na kwa swali lako la mkandarasi: ndiyo, mnahesabika. Kanuni ya 54A inasema nyumba iliyojengwa au kuagizwa na mtu kwa ajili ya makazi yake. Huhitaji kushika mwiko. Ambayo haiingii ni nyumba uliyoinunua kwa mjenzi ikiwa tayari, hata kama ulichagua rangi na makabati.

---

Mama Salma

Baba, Mpimaji amekupa msingi. Mimi nakuingiza kwenye karatasi zenyewe, kwa sababu wengi wanakwama mwishoni, si mwanzoni.

Sehemu ya 2 inaletwa ndani ya miezi 6 tangu nyumba ikamilike, na kukamilika maana yake ni tarehe iliyo kwenye cheti cha ukaguzi wa ujenzi. Siku mliyohamia haihesabiki, wala siku mkandarasi alipokabidhi funguo. Nyaraka nazigawa mafungu manne kichwani.

Fungu la kwanza ni cheti cha kukamilika. Kinatoka kwa mkaguzi wa ujenzi wa kaunsili, au ni cheti cha mwisho cha mkaguzi binafsi aliyesajiliwa. Ripoti ya ukaguzi wa hatua ya paa haitoshi, barua ya msanifu haitoshi.

Fungu la pili ni umiliki: nakala rasmi ya hati kutoka Land Registry (ofisi ya usajili wa ardhi). Inapatikana mtandaoni kwa pauni 7. Chukua mpya, usiwape ile ya siku mliyonunua kiwanja.

Fungu la tatu ni makazi. Hapa zinatakiwa nyaraka tatu: kwanza hati ya kodi ya kaunsili ya nyumba hiyo, kisha nyaraka nyingine mbili zinazoonyesha jina na anwani, ambazo ni bili ya umeme, maji au gesi, taarifa ya benki, au uthibitisho kwamba mmo kwenye daftari la wapiga kura la hapo. Mbili za aina tofauti ni salama zaidi kuliko bili mbili.

Fungu la nne ndilo linalowaangusha watu. Unatakiwa kuleta MOJA kati ya hizi tatu:

– dai la kurudishiwa VAT lililokubaliwa na HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) chini ya utaratibu wa wanaojijengea (fomu VAT431NB kwa nyumba mpya);

– waranti maalumu ya kujijengea, yenye bima ya kasoro zilizojificha na vyeti vya kila hatua ya ujenzi, iliyotolewa kwa jina la mwenye nyumba atakayeishi humo;

– mkopo wa benki wa kujijengea, yaani ule unaotolewa kwa awamu kadiri ujenzi unavyopanda.

Wewe umesema hamna mkopo, kwa hiyo mlango wa tatu umefungwa. Na kama mngekuwa mmekopa kwa kuweka rehani nyumba nyingine, huo si mkopo wa kujijengea hata kama kila pauni iliingia kwenye tofali. Mmebaki na VAT au waranti. Uamuzi huo ufanyeni sasa, kabla ya kuchimba, kwa sababu waranti haifanani na nguo ya kununua siku ya harusi. Mkaguzi wa waranti anataka kuona mtaro wa msingi ukiwa wazi, anataka kuona tabaka la kuzuia unyevu, fremu ya paa kabla haijafunikwa, na kuta kabla ya lipu. Ukishafunika msingi ndipo ukaomba waranti, kampuni chache zitakukubalia, zitataka mchimbue pembeni kwa ukaguzi, na bei itakuwa nyingine kabisa.

---

Fundi Bomba

Kuongezea kwa Mama Salma kuhusu waranti: soma jina lililoandikwa juu yake. Mkandarasi wako anaweza kukuambia "usijali, nyumba zangu zote zina waranti". Waranti hiyo mara nyingi ni ya mjenzi anayeuza nyumba, imetolewa kwa jina la kampuni yake. Fomu inataka iliyotolewa kwenu wenye nyumba. Mwambie akuonyeshe cheti cha awali na jina lenu kabla hujamlipa kiasi cha kwanza.

Kingine: cheti cha msanifu, kile anachosaini mtaalamu kwamba alisimamia kazi, na dhamana yake ya kitaaluma hudumu miaka 6. Ni cha bei nafuu na baadhi ya benki zinakikubali, kwa hiyo watu wanadhani kinatosha na huku. Lakini si bima ya kasoro zilizojificha. Fomu ya CIL inataka bima. Ukikipeleka peke yake unajiweka kwenye huruma ya afisa, na huruma haimo kwenye kanuni.

---

Kisima_Kent

Nashukuru sana. Nimempigia mkandarasi, amekubali kusubiri barua. Fomu 2 na 7 zimetumwa asubuhi hii, na wameshajibu kuwa wamezipokea.

Waranti nimeulizia, ni pesa ya kutosha. Mke wangu anasema kwa nini tusitumie njia ya VAT, maana hata hivyo tutadai. Kuna ubaya wowote tukiitegemea hiyo peke yake?

---

Hesabu_za_Bara

Inawezekana, lakini angalia, kuna muda wa mwisho wa aina mbili unaokwenda pamoja.

Tangu tarehe 5 Desemba 2023, dai la VAT la anayejijengea lina muda wa miezi 6 tangu nyumba ikamilike (zamani ilikuwa 3), na siku hizi unaweza kulituma mtandaoni. CIL nayo ina miezi 6, kutoka kwenye cheti kile kile. Sasa tazama neno lililo kwenye fomu ya CIL: dai lililokubaliwa. Risiti ya kutuma dai haitoshi, inatakiwa barua ya HMRC inayosema wamelikubali. Mtu anayetumia miezi 5 na nusu kupanga ankara zake atakuwa ndani ya muda wa VAT na papo hapo nje ya muda wa CIL, kwa sababu HMRC hawajibu kwa siku mbili, na wakikuta ankara yenye kasoro wanarudisha maswali.

Mfano: cheti kimetoka tarehe 10 Machi. Dai la VAT liwe limeondoka mikononi mwako kabla ya mwisho wa Aprili. Hapo una miezi minne ya kusubiri na kujibizana. Ili ufanye hivyo lazima ankara ziwe zimepangwa tangu siku ya kwanza ya ujenzi. Kila ankara iwe na namba ya VAT ya muuzaji, kitu kilichonunuliwa na idadi yake, na zinazozidi pauni 100 ziwe na jina lako na anwani. Risiti ya dukani iliyoandikwa "vifaa" tu ina hatari ya kukataliwa. Dai ni moja tu kwa nyumba nzima, huleti nyongeza baadaye.

Halafu kuna tatizo lenu mahususi. Mmempa mkandarasi kazi yote. Kazi ya kujenga nyumba mpya inatozwa VAT ya asilimia 0, pamoja na vifaa anavyoleta na kuvifunga yeye mwenyewe. Kama kila kitu kinapitia kwake, ninyi hamtakuwa mmelipa VAT popote, na bila VAT iliyolipwa hakuna cha kudai, bila dai hakuna barua ya HMRC. Na kama mkandarasi akikosea akawatoza asilimia 20 kwa kazi yake, HMRC hawairudishi hiyo, mnaifuata kwake.

Suluhisho: vifaa fulani mnunue wenyewe kwa majina yenu. Vigae, masinki, bomba za maji, milango, makabati ya jikoni. Hivyo vinaingia kwenye dai. Visivyoingia ni mazulia, kabati za nguo za kujengewa, friji na mashine za kufulia, kukodi mitambo, na malipo ya msanifu au mpimaji. Dai dogo lililokubaliwa ni ushahidi sawa na dai kubwa, fomu haitaji kiwango.

Ushauri wangu hata hivyo: chukueni vyote viwili. Waranti mtaihitaji siku ya kuuza, mnunuzi anayenunua kwa mkopo ataiulizia. Tozo ni 27,000, na kuitundika kwenye barua moja ya idara nyingine ambayo hamuiongozi ni kujitafutia presha.

---

Mama Salma

Hapo kwenye majina na anwani naomba msipite haraka, hasa sisi watu wa pwani.

Jina. Hati ya kiwanja inasema Ali Juma Khamis. Benki imeandika Ali Khamis. Kampuni ya umeme imeandika Juma Ali kwa sababu mtu wa simu alisikia hivyo. Kwetu ni mtu yule yule na hakuna anayeshangaa, lakini afisa wa CIL ana karatasi tatu zenye watu watatu. Chagua namna moja, ile iliyo kwenye hati na kwenye Fomu 2, na uirudie kila mahali kabla hujahamia. Mke aliyebadili jina baada ya ndoa aweke na nakala ya cheti cha ndoa ndani ya bahasha. Na kama mlioomba msamaha ni wawili, ushahidi wa makazi uwaonyeshe wawili. Watu wanaleta kila kitu kwa jina la mume, mke hayumo hata kwenye bili ya maji.

Anwani. Kiwanja kwenye hati kinaitwa "ardhi iliyo kando ya namba 14", umeme wa muda wa mkandarasi umeandikwa "Ploti 1", na nyumba ikiisha inaitwa 14A. Omba namba rasmi ya nyumba kwa kitengo cha majina ya mitaa cha kaunsili mapema, mara paa linapopanda, na barua yao uiambatishe. Karatasi hiyo moja inaunganisha anwani zote tatu. Ninyi mnaobomoa na kujenga pale pale huenda mkabaki na namba ya zamani, lakini ulizeni, msikisie.

Umeme: mkandarasi akimaliza, akaunti yake ifungwe na yenu ifunguliwe. Bili yenye jina la kampuni ya ujenzi haiwathibitishi ninyi.

Daftari la wapiga kura: hili halimfai kila mmoja wetu. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye ruhusa ya kukaa Uingereza anaweza kujiandikisha, kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wamo. Ndugu zetu wa Burundi, Kongo na Oman ambao hawajachukua uraia hawamo. Wao watumie bili na taarifa ya benki, fomu inaruhusu, wasijikatie tamaa bure.

---

Tembo_wa_Tooting

Kuna ujanja mmoja nimeusikia: hamia, ishi, usiombe cheti cha kukamilika mpaka uwe tayari na nyaraka zote. Miezi 6 haianzi. Inafaa?

---

Mpimaji_Mersey

Ndugu, ni kweli miezi 6 haianzi, lakini na ile miaka 3 ya kukaa haianzi pia. Yote inahesabiwa kutoka tarehe ya cheti. Ukikaa miaka 2 bila cheti ndipo ukakichukua, umejiongezea kifungo: jumla 5 badala ya 3. Na bila cheti, dai la VAT linakosa nguzo, waranti haifungwi, na bima ya nyumba inaweza kuleta maswali siku ya moto. Chukua cheti mapema, uwe na faili tayari.

Kinachofaa kuharakishwa pamoja na cheti ni kubadili anwani kwenye nyaraka zenu. Kodi ya kaunsili hasa inachukua muda kwa sababu nyumba mpya lazima ipangiwe daraja la kodi hiyo kwanza. Wajulishe mara mnapohamia, msisubiri wao wawatafute.

---

Kisima_Kent

Shukrani mzee. Swali la mwisho ambalo halikuwa kwenye orodha: kuna uwezekano mwaka wa pili nikapelekwa Dar kikazi kwa miezi 18. Tulifikiria kupangisha nyumba kipindi hicho. Na tukikosa karatasi moja kufikia mwezi wa sita, ndiyo basi?

---

Mpimaji_Mersey

Naanza na la pili kwa kuwa ni jepesi. Miezi 6 ikipita bila Sehemu ya 2, kaunsili haiwezi kukurukia siku inayofuata. Inakuandikia kwanza, inakupa siku 28, na ukileta fomu na nyaraka ndani ya hizo siku msamaha unabaki. Lakini barua hiyo inakwenda kwenye anwani waliyonayo. Kama Fomu 2 ina anwani ya nyumba mliyokuwa mnapanga zamani, barua italala mlangoni kwa mpangaji mwingine na siku 28 zitakwisha. Wapeni anwani mpya kwa maandishi siku mnayohamia.

Na kama karatasi moja haijafika, leteni nyingine zote ndani ya muda, na barua fupi ya kueleza kilichobaki na lini kinakuja. Faili lenye pengo moja lililoelezwa afisa anajua la kulifanyia, ukimya unampeleka moja kwa moja kwenye barua ya madai.

Kuhusu Dar, hapo kuwa makini. Ndani ya miaka 3 tangu cheti, mambo haya yanaufuta msamaha: kuuza nyumba, kupangisha nyumba nzima, au nyumba kuacha kuwa makazi yako ya pekee au makuu. Likitokea mojawapo, una siku 14 za kuijulisha kaunsili, na tozo yote inadaiwa, hawapunguzi kwa miezi uliyokwisha kukaa. Ukiuza mwezi wa 35 unadaiwa sawa na aliyeuza mwezi wa 2. Ukikaa kimya wakagundua, inaongezwa faini nyingine ya asilimia 20 au pauni 2,500, ile ndogo.

Kupangisha chumba mkiwa mnaishi humo hakumo kwenye orodha, ni nyumba nzima ndiyo tatizo. Kwa hiyo kama mke na watoto wanabaki Kent na wewe unakwenda na kurudi, nyumba inaendelea kuwa makazi ya familia na mna hoja nzuri. Mkiondoka wote na kumpa mpangaji funguo, msamaha umekwisha siku anayoingia. Piga hesabu: kodi ya pango ya miezi 18 ukitoa 27,000 imebaki nini?

---

Hesabu_za_Bara

Naongeza mawili kwa wengine watakaosoma hapa, maana hali zao hazitafanana na ya Kisima.

Msamaha haurithiwi na kiwanja. Ukinunua ploti yenye kibali ambapo muuzaji alishapewa msamaha, wake ni wake. Deni linapohamia kwako kwa Fomu 4, unaomba upya wewe, kabla ya kuanza. Na kama kiwanja ni sehemu ya kibali kimoja cha nyumba kadhaa, soma kama kibali kimegawanywa kwa awamu waziwazi. Kisipogawanywa, jirani wa ploti ya 3 akichimba msingi wake, kisheria mmeanza wote, na ombi lako ambalo halijajibiwa limekufa bila wewe kugusa koleo.

Pia kuna wanaojenga kwanza kisha wanaomba kibali cha kuhalalisha, au waliobomoa zaidi ya kibali kilivyoruhusu wakalazimika kuomba kipya. Kibali cha namna hiyo kikitoka, ujenzi unahesabiwa kuwa umeanza siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna siku hata moja ya kuombea msamaha. Mahakama ya Rufaa ililithibitisha hilo mwaka 2022 kwenye kesi dhidi ya kaunsili ya Hertsmere. Kwa hiyo ukuta uliopangwa kubaki ukionekana umeoza, usiubomoe kwanza. Simamisha kazi, mwandikie afisa mipango, na ukipewa kibali kilichorekebishwa omba maandishi ya afisa wa CIL kwamba msamaha wako unagusa na namba mpya.

Na kiwanja kisiwe kwa jina la kampuni yako. Kampuni haina makazi makuu.

---

Kisima_Kent

Nimewaelewa wote. Barua ya kukubali msamaha imefika leo, majina yetu mawili yamo na namba ya kibali ni sahihi. Fomu 6 nimeandika tarehe ya kuanza wiki mbili mbele ili ukaguzi wa waranti uwe umepangwa kwanza. Tumechukua waranti, na vigae, masinki na makabati ya jikoni tutanunua wenyewe kwa ajili ya VAT. Habari ya kupangisha tumeiacha.

---

Mama Salma

Mwenyezi Mungu awasimamie. Jambo moja la kuweka kwenye kalenda: CIL inaandikwa kwenye rejista ya madeni ya ardhi, na haifutiki yenyewe kila mara. Miaka 3 ikitimia tangu cheti, waandikieni kaunsili waifute na wawape uthibitisho. Siku ya kuuza, wakili wa mnunuzi atakuta mstari huo, na kama afisa wa sasa ameshahama kazi, mtatafutana mwezi mzima kwa jambo la baruapepe moja.